Namna nilivyomtumia Yaya maua Liège nikiwa Lubumbashi

Tangu tumzike mama mkubwa mwezi wa tano, watu hawaachi kuniuliza, sokoni na kwenye WhatsApp: yale maua yaliyofika kwa Yaya, dada yenu mkubwa, kule Ubelgiji, uliyapitisha wapi? Wengine wana mtoto Brussels, wengine wana kaka Ufaransa, na mama mmoja tunayepakana meza hapa soko la Mzee ana binti anayekaribia kujifungua huko Lille. Naandika hapa yote niliyofanya pamoja na sababu zake, maana hali yako inaweza kuwa tofauti na yangu, na hapo sababu ndizo zitakusaidia kuchagua.

Yaya ni binti wa kwanza wa mama mkubwa, na sisi wote wa lupango lile (uwanja wa nyumba yetu) la Katuba, hapa Lubumbashi, ametulea. Anaishi Liège, mtaa wa Outremeuse, anafanya kazi kwa zamu katika nyumba ya wazee. Mama yake alipofariki, kibali chake cha kukaa kilikuwa bado ofisini kikisubiri kufanywa upya. Akitoka, asingeweza kurudi. Basi kilio kikawa huku, na mfiwa mkubwa akawa kule. Huku tulikuwa na hema barabarani, viti vya plastiki, wamama wa kanisa wakiimba mpaka alfajiri, sufuria za bukari (ugali) na sombe (kisamvu) zisizoisha. Hata ukitaka kulia peke yako, hupati nafasi. Kule Yaya alikaa kitandani akituangalia kwenye simu, mega za intaneti zikiisha picha inaganda, na majirani wa jengo lake hawakujua hata kwamba amefiwa. Kwetu mfiwa anagongewa mlango. Nilitaka mlango wa Yaya ugongwe.

Kwenye kikundi cha familia baba mdogo alipinga. Alisema hizo pesa ziongezwe kwenye mchango, au tumtumie Yaya pesa mkononi, kwa sababu maua hayaliwi. Namheshimu sana baba mdogo, na aliyesema hivyo si mtu bahili: sehemu kubwa ya gharama za mazishi aliibeba yeye. Lakini Yaya ndiye anayetutumia pesa sisi. Jeneza lenyewe, nusu ilikuwa yake. Nikamwandikia: "Baba mdogo, shikamoo. Pesa Yaya anazo kidogo. Watu ndio hana." Alikaa kimya jioni nzima, kisha akajibu: "Sawa, mwanangu. Tafuta njia."

Njia ya kwanza wanayoifikiria watu wetu ni msafiri. Kuna ndege ya Ethiopian inatoka Luano, uwanja wetu wa ndege, inapitia Addis Ababa, siku ya pili mtu yuko Ulaya. Kwa nini asibebe maua kwenye begi? Haiwezekani. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka karibu kila mmea, ua, tunda au mboga mbichi inayoingia na msafiri iwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ilikotoka. Yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Shada lako litaishia kwenye pipa la forodha. Na hata kama sheria isingekuwepo, ua lililokatwa linataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri njia nzima. Begi haliwezi kulipatia ua baridi hiyo.

Njia ya pili ni zile tovuti kubwa za kimataifa za maua. Kabla ya kulipa ni vizuri kujua zinavyofanya kazi. Nyingi hazina bustani wala duka. Kazi yake ni kupokea agizo na kulipitisha kwa muuza maua aliye karibu na mtu wako, naye ndiye anayefunga shada na kulipeleka. Wazo hilo ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1908 muuza maua wa Berlin, Max Hübner, aliwaunganisha wenzake wa miji mbalimbali ili mteja alipe katika mji wake na maua yatolewe katika mji mwingine. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani wakaanza kufanya hivyo kwa telegramu. Fleurop na Interflora tunazoziona leo zimetoka kwenye ukoo huo.

Siwezi kusema kwamba njia hiyo ni mbaya. Kama mtu wako yuko mji usioujua, lugha yao huisemi, na kadi yako ya benki inakubaliwa, itumie bila wasiwasi. Ila ujue kwamba sehemu ya pesa yako inabaki njiani, kwa aliyepokea agizo, na yule anayefunga maua anafunga kwa kiasi kilichobaki. Angalia pia picha: mara nyingi ni ya shada la bei ya juu kabisa, na chini kwa maandishi madogo wanasema maua yanaweza kubadilishwa kufuatana na yaliyopo dukani. Mimi nilijaribu moja. Ilinitaka niandike namba ya posta ya nyumba yangu, kitu ambacho sisi Katuba hatukitumii, na nilipojaza nilivyoweza ikaikataa kadi.

Kuna pia maua ya posta, yanayolazwa ndani ya kisanduku chembamba kinachopita kwenye tundu la barua. Yanatumwa yakiwa bado yamefumba, halafu anayepokea anayapanga mwenyewe kwenye chombo. Kwa mtu anayeshinda kazini ni njia ya akili, haina haja ya kumsubiri nyumbani. Kwa mfiwa sikuipenda hata kidogo. Anapewa kazi ya kupanga maua yake ya msiba, na hakuna anayegonga.

Ikabaki kumtafuta mimi mwenyewe muuza maua wa mtaani kwake, na kwa yeyote anayesema lugha ya mahali mtu wake alipo, hii ndiyo njia ninayomshauri. Nilifungua ramani kwenye simu, nikaweka jina la barabara ya Yaya, nikatafuta maduka ya maua yaliyo karibu. Sikuangalia sana picha alizoweka mwenye duka. Niliangalia zile zilizowekwa na wateja, zile za meza ya jikoni yenye sahani chafu pembeni. Hizo ndizo zinaonyesha shada linavyofika kweli. Duka moja lilikuwa na picha nyingi za namna hiyo, na liko umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kwa Yaya. Nikapiga saa nne asubuhi. Wakati wa majira yao ya joto saa yao na ya kwetu ni moja. Wakati wa baridi wao wanakuwa nyuma yetu kwa saa moja.

Aliyepokea alikuwa mama mtu mzima, sauti yake nzito, na nyuma yake nikasikia karatasi zinakatwa. Nilipomwambia napiga kutoka Lubumbashi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nakusikiliza vizuri, mama."

Jambo la kwanza tulilopanga ni siku. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili iliyofuata, ya pili ya mwezi wa tano, ni sikukuu ya akina mama kwao Liège. Huo ndio wakati maduka ya maua yanapojaa kuliko wakati mwingine wowote, na kila kadi imeandikwa salamu kwa mama. Nikamwambia nisingependa dada yangu, aliyemzika mama yake kupitia simu, agongewe mlango siku hiyo na mtu mwenye maua. Angeweza hata kufikiri ni makosa ya anwani, au ni dhihaka. Jumatatu duka lake linafungwa. Tukakubaliana Jumanne mchana, kwa sababu Yaya wiki hiyo alikuwa na zamu ya usiku na mchana yuko nyumbani. Ukituma maua, angalia kalenda ya kule yanakokwenda, usiangalie ya kwetu. Antwerp, ambayo ni Ubelgiji ileile, wengi wanawasherehekea mama zao tarehe 15 mwezi wa nane. Ufaransa kwa kawaida ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano.

Halafu tukaja kwenye maua yenyewe, na hapo tulikaa muda. Mimi nauza vitenge. Mteja akija mezani akaniambia "nipe kizuri" ananiacha gizani, lakini akisema ni cha mama mkwe, mtu mnene kidogo, anakwenda nacho kwenye ubatizo, mkono wangu unajua unakokwenda. Nikamfanyia mama yule hivyo hivyo. Nilimwambia marehemu alikuwa na bugenvilia iliyofunika ukuta mzima wa lupango, ya rangi ile ya waridi iliyokolea inayokaribia zambarau, na chini yake alipanda kanna nyekundu na za manjano kwenye makopo ya maziwa ya unga. Nilimwambia Yaya amekua akifagia maua yaliyoanguka chini ya ukuta ule kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nikamwambia sitaki shada jeupe tupu. Nataka rangi.

Akasema bugenvilia hawezi kuniwekea, ikikatwa inanyauka na petali zinadondoka. Ila mwezi wa tano ndio msimu wa pivoini kwao, maua makubwa yenye petali nyingi zilizobanana, na anazo za rangi hiyohiyo. Nilimuuliza zitadumu siku ngapi. Akanieleza kwamba inategemea namna zilivyochaguliwa: unabonyeza tumba kwa vidole viwili, likiwa gumu kabisa halitafunguka, likiwa limekwisha kufunguka litamwaga petali haraka, linalofaa ni lile linalobonyea kidogo. Atachagua yale yanayobonyea. Na ili shada lisiishe lote kwa pamoja, ataongeza waridi za rangi ya pichi, ambazo zinavumilia zaidi, na matawi ya mkaratusi. Mkaratusi! Nyuma ya nyumba yetu upo mstari mzima, tunachoma majani yake mafua yakija. Nikamwambia aweke mengi.

Kuna maua mawili niliyoyakataa, na napenda yajulikane. La kwanza ni krisantemu. Kwenye tovuti utaona ni nzuri, inadumu, na bei yake ni nafuu. Lakini Ubelgiji na Ufaransa krisantemu ni ua la makaburini, wanalipeleka tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote. Kumpelekea mtu nyumbani kwake, mzima au mfiwa, si heshima. La pili ni yungiyungi, ambalo watu wengi wanalipenda kwa misiba. Harufu yake ni nzito kwa chumba kidogo, chavua yake inatia madoa nguo, na zaidi ya yote Yaya anafuga paka. Yungiyungi ni sumu kali kwa paka, linaua figo zake. Hata akilamba chavua iliyodondokea manyoya yake, inatosha. Yaya amefiwa tayari, sikutaka tumletee msiba mwingine ndani ya shada.

Kwa jirani yangu wa sokoni ambaye binti yake atajifungua Lille, naongeza hili: wodi nyingine za hospitali hazipokei maua kabisa, hasa pale wagonjwa mahututi walipo, na mmea wenye udongo ndani ya chungu mara nyingi unakatazwa kwa sababu ya vijidudu vya udongoni. Mtumie akisharudi nyumbani.

Anwani nayo inataka uangalifu. Kwenye majengo ya ghorofa ya Ubelgiji, namba ya nyumba haitoshi. Kuna namba ya pili, ya sanduku, inayoandikwa kwa kifupi "bte", na ndiyo inayoonyesha mlango wa mtu. Kisha jina lililoandikwa kwenye kengele. Yaya kwenye kengele yake ameweka jina la ukoo wa mume, si lile tunalomwita sisi. Hayo nilimuuliza mdogo wetu anayeishi Charleroi, mji mwingine wa Ubelgiji, aliyewahi kumtembelea, ili Yaya mwenyewe asijue kinachokuja. Nikatoa na namba ya simu ya Yaya, lakini nikaomba isipigwe kabla, ila kama hakuna anayefungua.

Maneno ya kadi niliyaandika kwa mkono kwenye karatasi, herufi kubwa, nikaipiga picha nikamtumia. Usimsomee mtu Kiswahili kwenye simu kama hakijui. Niliandika: "Yaya, mlango tumeugonga sisi. Wadogo zako wa Katuba." Mama yule aliinakili herufi kwa herufi, akanirudishia picha niihakikishe.

Nilimuuliza pia waridi zake zinatoka wapi. Akacheka, akasema: "Kwenu." Alimaanisha Kenya, nchi ya Kenya, si komini yetu ya hapa Lubumbashi yenye jina hilohilo. Karibu na ziwa Naivasha, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, kuna mashamba makubwa ya waridi chini ya mahema ya plastiki. Zinakatwa, zinapozwa, zinapangwa kwa urefu wa shina, zinapanda ndege Nairobi. Nyingi zinafikia Uholanzi, na pale Aalsmeer zinapigwa mnada kwa saa inayoteremsha bei: inaanzia juu, inashuka, wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye amenunua. Liège yenyewe ina uwanja wa ndege wa mizigo ambao Ethiopian wanautumia sana, na maua ya Ethiopia yanatua pale. Nililifikiria jambo hilo kwa uchungu. Waridi inakua huku upande wetu wa Afrika, inafika Ulaya ikiwa mbichi, na sisi hapa Lubumbashi juu ya kaburi la mama mkubwa tumeweka mataji ya plastiki, kwa sababu ndiyo tuliyoyapata. Nimelisema hapa kwa sababu kuna vijana wanaosoma kilimo pale UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, na ardhi tunayo.

Malipo. Shada lilikuwa euro 45, na kulipeleka aliongeza kidogo tu kwa kuwa ni karibu. Hakuna senti iliyovuka mpaka. Mdogo wetu wa Charleroi alilipa kwa benki yake siku ileile. Yeye kila muhula anatutumia pesa za minervali (ada ya shule) ya binti yake anayesoma sekondari hapa Kampemba, na safari hii tukailipa sisi sehemu hiyo, kwa michango tuliyokusanya kwenye M-Pesa na Airtel Money. Orodha ya waliochanga niliiweka kwenye kikundi, jina na kiasi, na risiti ya shule chini yake. Kama una ndugu kule anayetuma pesa huku, fanyeni hivyo. Mnaepuka gharama za kutuma mara mbili. Baba mdogo, yule wa maua hayaliwi, ndiye aliyechanga wa kwanza.

Jumanne saa nane na nusu mchana Yaya alinipigia. Hakuanza na maua. Alianza na yule mama mwenye duka, kwamba alikuja mwenyewe, akapanda ngazi, akamwambia pole kwa Kifaransa, kisha akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Yaya akamwingiza ndani, akamwekea chai, wakakaa. Jirani wa mlango wa pili alipoona maua yanapita naye akaja kuuliza kuna nini, na jioni akarudi na supu. Yaya aliniambia hayo yote akilia na akicheka, na mimi nikalia naye, kwenye meza ya vitenge, mteja akisubiri.

Nilimpa maelekezo niliyopewa: akate ncha za mashina kwa mshazari, atoe majani yote yanayozama, abadilishe maji kila baada ya siku mbili, na chombo asikiweke karibu na bakuli la matunda, hasa ndizi, kwa sababu tunda linaloiva linatoa gesi inayozeesha maua. Yeye ndizi hazikosi jikoni.

Sasa amegeuza mambo. Tarehe 1 mwezi wa nane ni sikukuu yetu ya wazazi, asubuhi tunakwenda makaburini kusafisha, na Yaya anataka kutuma maua kwa mama yake. Amenituma nimtafutie ya kweli. Nimezunguka, nimepata waridi chache zilizopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zimechoka na bei yake ni kali, na siku hiyo tutakuwa katikati ya kiangazi, ardhi kavu, jua na vumbi: zitakauka kabla hatujarudi nyumbani. Nimempigia tukazungumza mpaka tukakubaliana. Tarehe 1 tutafagia, tutapaka chokaa, tutaomba naye akiwa kwenye simu. Pesa yake nimeiweka. Bugenvilia ya lupango nimekwisha kukata vijiti vyake na kuvichomeka kwenye makopo. Mdogo wetu wa mwisho anavimwagilia. Vitakavyoshika mizizi tutavipanda kaburini mwezi wa kumi na moja, mvua ikishakaa, na pesa itamlipa mlinzi wa pale avitunze mwaka wa kwanza.